Msalaba wa Chaki

Kufumua ni kazi kubwa kuliko kushona, na asiyeamini aje anishikie wembe. Unaposhona unaona kitu kinakua. Unapofumua unabomoa kilichokwisha, tena kwa uangalifu kuliko wa aliyekishona, maana wembe ukiteleza kidogo tu ngozi imeharibika na hakuna wa kumlaumu ila wewe. Tangu mwezi wa pili hadi mwezi wa saba mwaka huu nilifumua waleti, pochi za ngozi alizozishona mume wangu, moja baada ya nyingine, nikazishona upya na kuzirudisha mezani kana kwamba hazikuguswa. Kifundo cha mkono wangu wa kushoto kimevimba mpaka leo. Nasema mapema kwamba nilikuwa nimechoka, ili nikifika kwenye mambo mengine niliyofanya usinihukumu haraka.

Mume wangu ni Semei Wanyera, askari magereza mstaafu. Yeye ni Mgisu wa upande wa Mbale, mimi ni Msoga, na miaka yote tuliyokaa kambini Jinja lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili, kile cha kambini kilichokatwa mkia na masikio. Sasa tunakaa Budondo. Majirani wakitusikia tukiulizana chumvi iko wapi hudhani tunagombana, kwa sababu hapa Kiswahili wanakijua kwa watu wenye bunduki. Nimeacha kuwaeleza. Na mara nyingine kweli huwa tunagombana.

Semei alisimamia karakana ya ngozi gerezani kwa miaka kumi na tisa. Alipopewa kazi hiyo hakujua hata kushika msharasi wa kutobolea ngozi. Aliyemfundisha ni mfungwa, fundi viatu aliyeitwa Owino, mtu wa maneno machache ambaye hakujali cheo cha mtu akishaketi mbele ya ngozi. Humo ndani walikuwa na desturi moja. Kazi mbovu haikupigiwa kelele wala haikutupwa. Aliyeikagua aliichora msalaba mdogo wa chaki pale palipokosewa, akamrudishia mwenyewe, na mwenyewe akafumua kwa mkono wake na kurudia. Kumfumulia mtu kazi yake bila kuiwekea chaki kulikuwa ni kumwambia kwamba amekwisha, hafai hata kukosolewa. Semei mwenyewe, afande mwenye alama begani, alirudishiwa waleti na Owino mbele ya wafungwa ishirini, naye akaipokea, akaketi na kuanza kufumua. Kisa hicho amekisimulia mpaka naweza kukisimulia mimi, na kila mara hukisimulia kwa majivuno.

Alipostaafu alikaa kwenye kiti miezi minane. Kiti cha plastiki, cha bluu, mguu mmoja umefungwa waya, kimeelekezwa ukutani. Asubuhi alivaa viatu, akavifunga kamba vizuri, akakaa. Nikimwuliza jambo alijibu ndiyo au hapana. Wakati huo niliogopa sana. Niliona serikali imebaki na mume wangu na kunirudishia nguo zake zikiwa na mtu ndani.

Kilichomwinua ni gunia la mabaki ya ngozi alilolinunua mjini siku alipokwenda kufuatilia karatasi za pensheni. Alilibeba mwenyewe kutoka kituoni. Wiki hiyo hiyo akatengeneza jiliwa la mbao la kubania kazi katikati ya magoti, akachukua uma wangu wa kulia chakula, akaunoa meno kwa tupa ili upige matundu yaliyo sawasawa kwenye ngozi. Hakuniomba, aliuchukua tu. Sikusema kitu, kwa sababu alikuwa anapiga mluzi.

Tukagawana kazi. Kukata na kupaka gundi tulifanya wote. Kushona kulikuwa kwake. Alijaribu kunifundisha, lakini mimi ni wa mkono wa kushoto, na mshono wangu ulilala upande mwingine, hata waleti ikionekana imeshonwa na watu wawili wasiosikilizana. Akanipa ukingo. Na ukingo nikaushika kweli. Unapiga msasa mpaka tabaka zote za ngozi ziwe moja, unalowesha kwa maji kidogo, unapaka sabuni ya mche, unasugua kwa kipande cha mpini wa jembe mpaka ukingo upate joto na kung'aa, halafu nta, halafu kitambaa. Ukifanywa sawasawa, kidole kinapita bila kujua ngozi ni mbili au nne. Katika miaka mitatu Semei hakuwahi kuweka chaki kwenye ukingo wangu. Nilidhani ni kwa sababu sikosei. Sikuwahi kujiuliza kama ni kwa sababu mimi ni mke, na mke hakaguliwi kama fundi.

Mwaka jana mikono yake ikaanza kutetemeka. Tukaita baridi. Tukaita baridi hata mwezi wa kwanza, jua likiwaka hadi kuku wanahema. Daktari aliupa ugonjwa jina lingine na kutoa vidonge, na tulipotoka pale hatukulitamka tena hilo jina. Semei aliendelea kushona.

Mwezi wa pili nilikwenda Mbale kumwona Racheal, binti yetu anayekaa Nkoma, nikapitia dukani kwa Hajarah. Huyu ndiye anayetuuzia waleti, mwanamke wa mjini mwenye duka la mikoba karibu na mnara wa saa, msemaji mzuri, mpole hata anapokukatalia. Siku hiyo alifungua droo, akaweka waleti tatu juu ya meza. Zilikuwa zimerudishwa na wateja. Nyuzi zimelegea na kuning'inia, na mahali mshono ulipoachia, hata ukingo wangu ulikuwa umefunguka.

Niliona kosa mara moja, ingawa mimi si mshonaji. Waleti hushonwa kwa uzi mmoja wenye sindano mbili, kila ncha na sindano yake, na kila tundu hupitiwa na zote mbili, moja kutoka huku na nyingine kutoka kule. Sindano ya pili ikichoma uzi uliokwisha kupita, mshono hauwezi kukazwa tena, hata uvute namna gani. Semei alikuwa anachoma uzi wake mwenyewe, tundu baada ya tundu. Mkono unaotetemeka hauwezi kuukwepa.

“Mama, usinifiche,” Hajarah akaniambia. “Mzee anaumwa?”

Nikadanganya. Nikasema tuliuziwa uzi mbovu. Akasema atapokea kumi na mbili nyingine, ila zikirudi tena, hataweza kuendelea na sisi. Alisema kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonichoma.

Njiani kurudi nilipiga hesabu moja tu, ya siku. Siku ngapi tangu Hajarah akatae mpaka Semei arudi kwenye kile kiti. Sikupata hata mbili. Kumwonyesha kosa nisingeweza, kwa sababu hili si kosa la kurekebishwa kwa kurudia. Angerudia mara mia na mkono ungetetemeka mara mia. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua.

Kila siku baada ya chakula cha mchana Semei huenda kituoni Budondo kwenye mweso, ule mchezo wa bao, na kurudi saa kumi na moja. Hayo ndiyo yalikuwa masaa yangu. Nilifumua alichokishona asubuhi, nikang'oa vipande vya uzi kwa ncha ya msharasi, nikashona upya. Ule ulalo wa mshono ulinisumbua wiki nzima, hadi nilipojaribu kuigeuza waleti kwenye jiliwa, mgongo wake uelekee mkono wangu wa kulia, nikaanzia mwisho kuja mwanzo. Uso wa mbele ukafanana na wake kabisa. Nyuma palikuwa tofauti kidogo. Nikajiambia hakuna anayeangalia nyuma.

Mwanzoni nilishona vibaya, kisha vizuri, kisha nikaanza kupenda. Hilo ni kweli pia. Kuna wakati sindano mbili zinapishana na uzi unakaa mahali pake kwa sauti ndogo, na mtu unasahau kwamba mgongo unauma. Lakini shamba halikungoja, wala kuni, wala maji, na ukingo ulikuwa bado wangu. Kwa hiyo ukingo ndio ulioanza kupunjwa. Nilipiga msasa mara moja badala ya tatu. Nilipaka nta juu ya kitu ambacho hakijasuguliwa. Kwa mbali tofauti haikuonekana.

Jambo moja lilinitia huzuni wakati huo. Uzi wetu ni wa nailoni, na fundi akimaliza mshono huchoma ncha zake kwa kiberiti cha gesi ili zijifunge zisitoke. Katikati ya mwezi wa nne niliona Semei hachomi tena. Ncha zinabaki wazi. Nikivuta moja, nusu ya mshono inakuja. Ilinirahisishia kazi, lakini nililia juu yake. Nikasema, sasa hata akili imeanza kumtoka. Mtu aliyechoma ncha miaka ishirini anasahau kiberiti kipo mfukoni mwake.

Kumi na mbili zilikwenda Mbale, hazikurudi. Zikaenda nyingine. Mwanzoni mwa mwezi wa saba Hajarah akataka thelathini kwa ajili ya mkutano wa walimu, na badala ya kunipigia mimi, akampigia Semei mwenyewe. Nilikuwa namenya muhogo pale pale uani. Simu yake ina sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yote. Alimsifu mshono. Alisema katika miaka yote hajaona mshono wake ukiwa mzuri hivi, na kwamba mteja mmoja wa Nkoma ameilaza waleti juu ya meza na kuwaonyesha wenzake.

Semei alishukuru kwa adabu, akazima simu. Kisha akaenda kukikalia kile kiti cha bluu, uso ukutani.

Kisu kilinitoka mkononi.  Siku hiyo hakwenda kwenye mweso. Usiku alikula kidogo, akalala. Mimi nililala nikihesabu tena ile miezi minane.

Asubuhi akaniita mezani. Mbele yake kulikuwa na waleti niliyoimaliza siku mbili kabla. Kwenye ukingo, chini ya mfuko wa kadi, palikuwa na msalaba mdogo mweupe wa chaki.

“Mama Racheal,” akasema, “hii ni kazi yako. Mshono iko sawa, inashinda ya mimi. Lakini hapa kwa ukingo uliharakisha.”

Nikaichukua. Nikapitisha kidole. Tabaka za ngozi zilihesabika, moja, mbili, tatu. Alisema kweli, na uso ukaniwaka kama wa mwanafunzi. Halafu ndipo maneno yake ya mwanzo yakanifikia.

“Umejua lini?”

“Tangu Pasaka. Niligeuza nyuma. Sisi kule ndani tulikuwa tunaanza kuangalia nyuma.”

Akanieleza mengine akiwa amenyooka kwenye benchi, kwa namna alivyokuwa akitoa ripoti kwa wakubwa wake. Kwamba alipojua, aliacha kuchoma ncha za uzi ili nisipate shida ya kufumua. Kwamba kwenye mweso hachezi tangu mwaka jana, kwa sababu kete zinamdondoka. Hukaa tu akitazama wenzake mpaka akadirie kwamba nimemaliza, ndipo arudi. Kwamba asubuhi alishona taratibu, waleti mbili badala ya nne, ili nisifumue nyingi.

Nilikasirika. Watu wanaosikia kisa hiki hutaka niseme kwamba nililia kwa mapenzi, lakini kilichotangulia ni hasira. Nilimwambia amenifanya punda. Nilimwekea kifundo changu mezani, kimevimba vile, nikamwuliza kama hicho nacho alikiona tangu Pasaka. Nilimwambia miezi mitatu mizima tumefanya kazi ya kushona uzi wa kufumuliwa, watu wazima wawili, wenye akili zao. Jirani alichungulia juu ya ua, akarudi kwake haraka.  Mikono ya Semei ilitetemeka juu ya magoti na safari hii hakuificha.

“Niliogopa ile kiti,” akasema. “Nikiacha sindano, mimi narudi kwa ile kiti. Nisamehe.”

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa sikuwa nimelisikia neno hilo kutoka kwake. Hasira ikakosa pa kushika. Nilikuwa nimekiogopa kiti kile kile. Tungeambiana siku moja tu, mmoja wetu angeweza kukitia moto na wote wawili tukalala mchana.

Nikaketi karibu naye. Kulikuwa na jambo lingine, na nikaona nisipolisema siku hiyo sitalisema tena. Nikamwambia nilimfumulia kazi yake bila chaki. Nilijua desturi yao, nikaivunja kila siku, kwa siri, mchana kweupe.

“Ndiyo,” akasema. “Hiyo iliuma.”

  Kisha akazisogeza sindano zote mbili upande wangu, na kipande cha mpini wa jembe akakivuta upande wake.

“Sindano chukua wewe,” akasema. “Mimi nifundishe ukingo.”

Nilifikiri, na niliona kuna akili ndani yake. Sindano inataka tundu moja lisilo na mjadala, lakini kusugua ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mkono wake ulikuwa tayari unakwenda na kurudi wenyewe. Nikamwonyesha msasa, nikamwonyesha maji kiasi gani, sabuni kiasi gani, na kwamba lazima angoje ngozi inywe maji kwanza. Alisikiliza kama askari mpya. Waleti thelathini za walimu zilikuwa zinangoja, tulikuwa na nane tu tayari, na sasa mshono wote ulikuwa juu yangu, pamoja na shamba, kuni na maji. Uchovu haukupungua kwa sababu tumeambiana ukweli. Ulibadilisha tu mahali pa kuuma.

Mchana akaniletea ukingo wake wa kwanza. Hakuuweka mezani, alisimama mbele yangu ameushika kwa mikono miwili ili utulie. Ulikuwa mbaya. Maji yalizidi, hakungoja, nyuzinyuzi za ngozi zilikuwa zimesimama, na kwenye kona alikuwa amesugua kwa nguvu mpaka pameungua na kuwa peusi. Nilijua ningeweza kuutengeneza kwa dakika chache, akienda kunawa tu. Kusema ni mzuri kungekuwa neno moja, tena neno jepesi, na nilikuwa nimelizoea.

Chaki ilikuwa pale mezani, kipande cha urefu wa kucha. Niliichukua kwa mkono wangu wa kushoto unaouma, nikachora msalaba kwenye kona, mdogo, nikamrudishia.

 Semei akalifuta benchi kwa kiganja, akaketi, akavuta bakuli la maji karibu, na kuanza kupiga msasa upya. Nilikuwa kwenye tundu la nne la mshono wangu niliposikia anapiga mluzi.